Dawa ya Kifafa Inapowekwa Kidondani

"Daktari, ati dawa ya kifafa inaponesha vidonda?" Swali hili huletwa dirishani pa famasi hapa Pemba. Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini kisiwani kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, nami nimechoka kusahihisha. Kuhusu swali lenyewe: ndiyo, kwa kiasi chake. Kisa chake kinaanzia kwenye fizi.

Dawa yenyewe ni fenitoini. Mkemia wa Kijerumani, Heinrich Biltz, aliitengeneza mwaka 1908, kisha ikakaa miaka 30 haina kazi ya maana. Mwaka 1938 Houston Merritt na Tracy Putnam, madaktari wa Boston, wakaonesha kwamba inazuia kifafa bila kumzubaisha mgonjwa kama dawa za zamani. Mwaka uliofuata ikajulikana kero yake: baadhi ya wanaoimeza fizi zao huota nyama, nyengine mpaka zikafunika meno. Mgonjwa anaona haya kucheka mbele za watu. Watafiti nao wakajiuliza, kama dawa hii inaotesha nyama isipotakiwa, itakuwaje ikipelekwa inapotakiwa? Mwaka 1958 ikajaribiwa kwa watu waliopasuliwa fizi, na ikaonekana vidonda vinafunga upesi zaidi. Tangu hapo imekuwa ikijaribiwa kwenye vidonda vya kisukari, vya ukoma, vya moto, na vile vinavyowapata wagonjwa wanaolala ubavu mmoja muda mrefu.

Kidonda hakifungi kwa kukauka juu tu. Chini yake mna seli zinazosokota nyuzi za kolajeni, kama kina mama wanavyosokota kamba za makumbi, na nyuzi hizo ndizo zinazoishika nyama mpya. Fenitoini huzichochea seli hizo zizidi, na hukipunguza nguvu kimeng'enya kinachozikata nyuzi kabla hazijakaza. Mishipa midogo ya damu nayo huchipua, ndipo unapoona sakafu ya kidonda inakuwa nyekundu badala ya kijivu.

Hapo ndipo watu husimama, wakaenda kutangaza. Lakini majaribio mengi ya dawa hii ni madogo, na kila moja lina njia yake. Wataalamu waliokusanya ushahidi wa vidonda vya kulala mwaka 2017 walipata majaribio 3 tu ya kutegemewa kidogo, wakasema hawawezi kukata shauri kama inasaidia au haisaidii. Kibali ilichopewa fenitoini ni cha kuzuia kifafa. Daktari akiiweka kidondani, huwa ameshakisafisha kidonda, ameondoa nyama iliyokufa, amepima sukari, na anakitazama kila kinapofungwa upya. Hata hivyo huweza kuchoma kidogo, na pengine nyama ikaota kupita kiasi, ikasimama juu ya ngozi.

Ninalolihofia zaidi ni la nyumbani. Sote tunajua mazoea ya kufungua kapsuli ya antibayotiki ukaimwaga unga wake kidondani, kidonda kikafunga gamba juu na usaha ukabaki chini. Sasa nyumba ikiwa na mtoto mwenye kifafa, kapsuli zimo kabatini, na babu ana donda mguuni. Kumega dozi ya mtoto kumpa babu ni jambo linaloonekana la huruma. Lakini mtoto anayekosa dozi ghafla anaweza kuanguka kifafa kisichokatika, mtukutiko juu ya mtukutiko, na hilo huua. Donda la babu lilikuwa na siku za kungoja.

Fenitoini ya sindano ndiyo msiiguse kabisa. Maji yake ni makali mno, yana ukali wa magadi, na yakivuja nje ya mshipa wakati wa kudungwa yanaweza kuunguza nyama ya mkono. Si kitu cha kumiminia kidonda.

Na donda lililokaa wiki kadhaa halifungi lina sababu yake. Huenda ni sukari, huenda damu haifiki mguuni, huenda ganzi imemfanya mtu akanyage mwiba wa mchungwa shambani asihisi, akaendelea kulikanyagia donda hilo hilo kutwa. Mguu usipopumzishwa, hakuna unga wala malhamu itakayoufaa. Kwa mwenye kisukari, hata kijidonda cha lapa iliyobana ni cha kupelekwa kituo cha afya mapema, kabla hakijaanza kunuka.

Kama kapsuli za mtoto zimeshamegwa, njooni dirishani mseme. Tutazihesabu zilizobaki na tutaangalia namna ya kumpatia dozi yake leo leo. Hatutakugombeza, na foleni tutakurusha.