Madawati Hayafuti Deni la Saa za Ziada: Dhana Potofu Kuhusu Chama cha Wafanyakazi na CSR (Uwajibikaji wa Kampuni kwa Jamii)

"Nyie wa chama, CSR inawahusu nini? Hilo ni la uongozi." Kauli hii naisikia hapa Dodoma viwandani Kizota, naisikia Nala, naisikia kwenye saiti za Mtumba. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wengi wanaoitamka ni makatibu wa matawi wenyewe. Kazi yangu ni kuwanoa viongozi wa matawi na kukaa nao mezani wakati wa majadiliano na mwajiri, kwa hiyo naipata kutoka pande zote mbili. Safari hii naijibu kwa maandishi.

Dhana: Uwajibikaji kwa jamii ni misaada, na misaada ni ya uongozi

Picha mnaijua: bango, fulana mpya, mgeni rasmi, madawati yamepangwa mbele ya darasa. Niliwahi kualikwa kwenye makabidhiano ya namna hiyo hapa Dodoma, jina la kampuni tuliache. Madawati yalikuwa mazuri kweli, mbao ngumu. Walioyashusha kwenye lori walikuwa vibarua wa kiwanda, Jumamosi baada ya kumaliza zamu zao za wiki, mmoja wao kavaa kandambili na kidole gumba kimefungwa kitambaa. Nilipomuuliza kama siku ile inalipwa, alicheka: "Mzee wangu, hii si ya jamii?"

Saa za ziada kisheria hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Maana yake sehemu ya msaada ule ilitoka mfukoni kwa yule kijana, ila kwenye bango hakutajwa.

Ukweli ni huu. Mwongozo wa kimataifa wa ISO 26000, uliotolewa mwaka 2010, unataja maeneo 7 ya uwajibikaji. Maendeleo ya jamii inayozunguka kampuni ni eneo moja tu. Mengine ni utawala wa taasisi, haki za binadamu, masuala ya kazi, mazingira, uendeshaji wa haki wa biashara na masuala ya walaji. Kati ya makundi 6 yaliyokaa kuuandika mwongozo huo, moja lilikuwa la wafanyakazi. Ukienda kwenye Global Compact ya Umoja wa Mataifa, mpango ambao kampuni hujiunga kwa hiari, kanuni ziko 10, na 4 zinahusu kazi. Ya kwanza katika hizo 4 ni uhuru wa kujiunga na chama na kutambua haki ya majadiliano ya pamoja. Sasa kampuni inayomhamishia mtu stoo kwa sababu kaonekana na fomu za chama, halafu mwisho wa mwaka inatoa ripoti yenye picha za miche ya miti, inawajibika kwa nani?

Hapo afisa rasilimali watu hunijibu kwamba wao hukaguliwa na wanunuzi wa nje. Vizuri. Hata kwenye jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, kulikuwa na viwanda vya nguo vilivyokwisha kukaguliwa. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yakafungwa, lakini mafundi cherehani wakaamriwa kuingia kazini. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo likaanguka na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Hawakuwa na chama cha kuwasemea asubuhi ile. Makubaliano yaliyofuata mwezi Mei, kati ya kampuni za mavazi na vyama vya wafanyakazi vya kimataifa, yalizifunga kampuni kisheria na kutambua haki ya kukataa kazi ya hatari. Mkaguzi huja kwa taarifa na kuondoka na ripoti yake. Mwakilishi wa tawi yupo zamu ya usiku mafuta ya alizeti yanapotapakaa sakafuni karibu na mashine ya kukamulia.

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka mnichoke: yaingizeni haya kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri. Vifaa vya kinga kwa vibarua wa wakala pia, maji taka yanakoelekea, kazi za kujitolea zilipwe au ziwe za hiari kwa maandishi. Chama kinachotambuliwa kina haki ya kupewa taarifa zinazohitajika kwa majadiliano. Ziombeni kwa barua. Mkataba ukishasainiwa unabana, na nakala yake huwasilishwa kwa Kamishna wa Kazi. Ahadi ya jukwaani hakuna anayeitunzia nakala.

Dhana: Kila kampuni inalazimishwa na sheria kuchangia jamii

Hapana. Lazima hiyo ipo kwenye sekta chache, hasa madini: tangu marekebisho ya mwaka 2017, mwenye leseni huandaa mpango wa kila mwaka unaokubaliwa na halmashauri. Ndugu zangu wa migodi ya Singida, kifungu hicho hakikitaji chama cha wafanyakazi. Msingoje mwaliko, mwendeeni diwani kabla mpango haujapita.

Dhana: Chama kikidai maslahi, hela ya jamii inaisha

Wafanyakazi wanaishi wapi? Mshahara unaolipwa Ihumwa unanunua unga Ihumwa. Siendelei na hili.

Dhana: Ada za chama zinaliwa tu

Pengine, kama hamuulizi. Ila ada ya uwakala inayokatwa kwa wasio wanachama sheria inataka ikae kwenye akaunti yake, itumike kwa maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi wa mahali hapo. Ulizeni akaunti hiyo iko wapi. Nimekutana na matawi ambayo hayajawahi kuisikia.

Dhana: Tuko wachache, hatuwezi kuwa na chama

Watu 20 wanahitajika kuanzisha chama kipya, na ninyi hamuanzishi. Vipo tayari: TUICO kwa viwanda na biashara, TAMICO kwa migodi na ujenzi, TPAWU kwa mashamba, mizabibu ikiwemo. Hata mkiwa wanachama wasiofika 10, sheria inawapa mwakilishi mmoja kazini. Jazeni fomu za kukubali makato ya ada ya chama, katibu azipeleke kwa mwajiri, na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.