Shule zikifungwa tena, usikimbilie Zoom kwanza

Machi 2020 Kenya ilifunga shule na vyuo ndani ya wiki moja hivi kwa sababu ya korona, na sisi tunaofanya kazi kwenye vitengo vya masomo ya mtandaoni tukaanza kupigiwa simu kutwa: nifungulieni Zoom, nipeni linki, nataka darasa laivu kesho asubuhi. Wachache sana waliuliza mwanafunzi yuko wapi na ameshika simu gani.

Na jibu lilikuwepo. Sensa ya 2019 ilishaonyesha kaya zenye kompyuta, laptopu au tableti hazifiki 9 kwa kila 100, zenye intaneti ni kama 18, runinga 41 hivi, redio 57. Kwa hiyo KICD, taasisi ya serikali inayoandaa mitaala ya shule, walipopeleka vipindi kwa redio ya KBC na runinga ya Edu Channel hawakuwa wanarudi nyuma kama wengine walivyosema, walikuwa wanafuata watoto mahali walipo. Hata hivyo redio haiulizwi swali, na Julai 2020 wizara yenyewe ikasema mwaka umepotea kwa shule za msingi na sekondari, gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 wakarudi Oktoba, wengine Januari 2021. Uganda ndio usiseme, kuna madarasa yalikaa nyumbani hadi Januari 2022.

Sasa tuongee bando, maana hapa ndipo walimu wengi tunakosea. Mwanafunzi wa chuo aliyerudi kwao Turkana au Tana River ananunua bando kidogo kidogo, ya siku, saa zingine ya saa moja. Zoom ya watu wengi yenye video inaweza kula MB 800 kwa saa, ikiwa ya kiwango cha juu inapita GB 2, halafu lekchara anasoma slaidi saa mbili nzima! Rekodi sauti yako dakika 10, tuma kwa WhatsApp, haifiki hata MB 5, ataisikiliza mara tatu akitaka na netiweki ikikatika somo halijapotea. Noti nazo, jamani, ukiskani daftari kurasa 20 kwa simu unatoa PDF ya MB 30, wakati maneno hayo hayo ukiyachapa faili inakuwa ndogo kuliko picha moja.

Kingine ni simu yenyewe ni ya nani. Nyumba nyingi smatifoni ni moja, watoto watatu, na inaondoka na mama sokoni alfajiri inarudi saa moja jioni. Darasa lako la saa nne asubuhi huyo mtoto hawezi kuwepo, na wewe umemwandikia hajahudhuria. Wengine wana mulika mwizi tu, yaani simu ndogo ya vitufe, hao ni SMS na karatasi, na mwalimu kupiga simu mara moja kwa wiki, mimi naona hiyo simu ya dakika tano inafundisha kuliko linki kumi.

Kwa hiyo kabla hujachagua programu yoyote tuma SMS moja kwa kila mzazi au mwanafunzi: simu ni aina gani, ni ya nani, inapatikana saa ngapi, umeme upo? Majibu yakirudi ndio upange somo, na wale wasiojibu ndio uanze nao, pitia kwa chifu, kwa jirani au kwa mwanafunzi mwenzao wa kijiji hicho.