Jina la Wapikti si ushahidi wa rangi ya buluu

Wiki hii nimeelezwa tena, kwa uhakika uleule wa siku zote, kwamba Wapikti, watu wa kale wa Uskoti, waliitwa hivyo kwa sababu walijipaka rangi ya buluu. Nimechoka kulijibu jambo hili kwa mdomo, basi naliandika.

Jina "Picti" linaonekana kwa mara ya kwanza katika hotuba ya Kilatini ya mwaka 297, na katika lugha hiyo maana yake ni "waliochorwa" au "waliopakwa rangi". Hapo hakuna ubishi. Lakini ile buluu inatoka kwa Julius Caesar, jemadari wa Kirumi, aliyeandika habari za Wabritoni wa kusini aliowavamia zaidi ya miaka 300 kabla ya hotuba hiyo. Kumleta awe shahidi wa Wapikti ni kumsikiliza mtu ambaye hakufika kwenye eneo la tukio.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba irabu ya jina hilo husahauliwa. Wawelisi, watu wa Welisi magharibi mwa Britania, waliwaita watu hawa Peith, na kanuni za mabadiliko ya sauti za Kiwelisi zinajulikana: "benedictio" ya Kilatini ilizaa "bendith", ilhali "perfectus" ilizaa "perffaith", ambayo zamani iliandikwa "perffeith". Yaani -ict- huacha i, na -ect- huacha ei. Kwa hiyo ni vigumu Peith kuwa mtoto wa Picti. Inaelekea zaidi kwamba palikuwa na jina la wenyeji lenye umbo la Pect-, Warumi wakalisikia na kulivuta hadi likafanana na neno la kwao, kama watu wafanyavyo siku zote kwa majina ya wageni.

Lazima niseme pia jambo ambalo vitabu vya kiada hulipita kimyakimya. Peohtas ya Kiingereza cha kale na Péttar ya Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia, iliyojificha ndani ya jina la mlangobahari wa Pentland kaskazini mwa Uskoti, hutajwa kuwa ushahidi wa e hiyohiyo, na ushahidi huo ni dhaifu: Kiingereza cha kale chenyewe kiligeuza i kuwa eo mbele ya h, na Wanorse wangeweza kulipokea jina kutoka kwa Waingereza. Hoja yangu, basi, imeegemea Kiwelisi karibu peke yake. Hata hivyo naishikilia.

Na kabla hamjaniletea Pitlochry, mji wa Uskoti, kana kwamba jina lake latokana na Wapikti: Pit- hiyo inatokana na neno "pett", kipande cha ardhi, wala haihusiani na jina la kabila.

Sikatai kwamba huenda walichanja chale. Mwanahistoria Herodian, akisimulia vita vya mfalme mkuu wa Roma Septimius Severus huko Britania vya miaka ya 208 hadi 211, anataja picha za wanyama kwenye miili ya watu wa huko, na mshairi Claudian, yapata mwaka 400, anataja alama zilizochorwa kwa chuma kwenye mwili wa Mpikti anayekufa. Lakini tazameni jiwe la uwanja wa kanisa la Aberlemno, Uskoti, ambalo Wapikti walilichonga wenyewe: wapiganaji, farasi, ngao na mikuki vimo vyote, na juu ya miili ya watu hao hakuna hata alama moja.