Je, wajua kwa nini filamu za Biblia huongeza mambo yasiyoandikwa?

Fungua Mwanzo, soma kuanzia sura ya 6 hadi ya 9, kisha utafute Nuhu alijibu nini alipoambiwa kuwa dunia itaangamizwa. Hakuna jibu. Anaamriwa kujenga, anajenga. Anaamriwa kuingia, anaingia. Sauti yake twaisikia mara ya kwanza gharika ikiwa imekwisha: anazinduka kwenye ulevi wa divai na kumlaani Kanaani. Mkewe hatajwi hata jina.

Ukimya huo ndio unaomtesa mwandishi wa filamu. Sura nne husomwa kwa dakika chache, ilhali filamu ya Darren Aronofsky, Noah, iliyotoka mwaka 2014, inapita saa mbili. Mtu yuko ndani ya safina, nje watu wanazama wakipiga kelele. Alilala? Alilia? Wanawe walimtazamaje? Msomaji anaweza kuvuka mstari bila kujiuliza, lakini kamera lazima ioneshe uso wa mtu, na uso una jambo la kusema.

Kuziba pengo hili hakukuanza na sinema. Marabi wa kale walifanya hivyo karne nyingi zilizopita, na ni wao waliomwita mke wa Nuhu Naama, jina ambalo filamu hiyo imelifuata kwa kumwita Naameh. Katika Kurani, Nuhu anazungumza sana: anamsihi mwanawe apande, naye anajibu kwamba atakimbilia mlimani. Waislamu wengi, hata hivyo, hawakubali nabii aigizwe, na Qatar na Indonesia ni miongoni mwa nchi zilizoizuia filamu hiyo.

Mimi naona nyongeza hufaa pale zinapotokana na ukimya wenyewe. Hofu ya Nuhu katika filamu hiyo ilinigusa. Vita vya majitu ya mawe, ambayo filamu imeyaongeza, viliufunika ukimya ule kwa makelele.

Lakini Biblia inapotoa maelezo, mafundi wana pa kushika. Safina ni mikono 300 kwa urefu, 50 kwa upana na 30 kwenda juu, wala hatusomi habari ya tanga au usukani. Ndiyo maana ile ya filamu ni sanduku kubwa la mbao, si meli yenye omo iliyochongoka kama kwenye vitabu vya watoto. Kiebrania chaiita tevah, neno lile lile linalotumika kwa chombo alimolazwa mtoto Musa kando ya mto. Kiswahili cha Union Version, mojawapo ya tafsiri za Biblia, nacho kimeutunza undugu huo: katika Kutoka 2, mama yake Musa anamtengenezea kisafina.