Tukio Kuu la Uoksidishaji na jinsi linavyopewa tarehe

Tukio Kuu la Uoksidishaji ni jina ambalo wanajiolojia hukipa kipindi ambapo oksijeni ilianza kubaki katika angahewa ya Dunia, badala ya kumezwa yote na gesi za volkano na madini ya chuma. Kwa kawaida kipindi hicho huwekwa kati ya miaka bilioni 2.4 na 2.2 iliyopita. Hewa ya wakati ule haipo tena ipimwe, kwa hiyo mtafiti hutafuta mambo mawili katika miamba: alama ya hali ya hewa, na umri wa mwamba wenyewe. Ugumu ni kwamba mawili hayo hayapatikani pamoja mara kwa mara.

Alama ya zamani zaidi kutumiwa inaonekana Witwatersrand, Afrika Kusini, katika miamba ile ile ya kokoto inayochimbwa dhahabu. Humo mna punje za pairiti, madini ya chuma na salfa, na za madini ya urani zilizoviringwa na mito hadi zikawa laini kama kokoto za kawaida. Leo pairiti ikikaa mtoni hushika kutu na madini hayo ya urani huyeyuka, hivyo mito iliyozibeba salama ilipita chini ya hewa yenye oksijeni kidogo mno. Kidogo kiasi gani, punje hazisemi.

Jibu lililo bora lilitoka kwenye salfa. Mwaka 2000, James Farquhar, Huiming Bao na Mark Thiemens walionyesha kwamba miamba ya kale sana inakiuka kanuni ambayo isotopu za salfa, yaani atomu zake zinazotofautiana kwa uzito, huifuata karibu kila mahali: tofauti ya kiasi cha salfa-33 huwa takriban nusu ya tofauti ya kiasi cha salfa-34. Ukiukaji huo huzaliwa hewani, pale miale ya urujuanimno, isiyozuiwa na ozoni, inapovunja gesi ya salfa iliyotoka volkanoni, na mazao yake yakashuka ardhini kwa njia tofauti bila kuchanganyika. Oksijeni ikifika takriban sehemu moja kwa 100,000 ya kiwango cha leo, salfa yote huishia kuwa salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, na alama hufutika. Ni kiwango ambacho mnyama hawezi kuvuta pumzi.

Umri ni kazi nyingine. Palipo na tabaka la majivu ya volkano, hutafutwa fuwele za madini ya zirkoni, ambazo zinapokua hupokea urani na kukataa metali ya risasi. Risasi yote iliyomo baadaye ni zao la urani, na nusu ya urani-238 huchukua miaka bilioni 4.47 kugeuka. Pasipo majivu, hupimwa metali ya reniamu inayogeuka polepole kuwa metali nyingine, osmiamu, ndani ya mashapo meusi. Kwa njia hiyo, mwaka 2004 mashapo ya Transvaal, Afrika Kusini, yalipewa umri wa karibu miaka bilioni 2.32, na pairiti yake haina ukiukaji wa salfa. Tarehe hiyo mara nyingi hunukuliwa kana kwamba ndiyo ya mwanzo, ilhali inathibitisha tu kwamba kufikia hapo oksijeni ilikuwa imekwisha kuingia.

Utafiti wa mwaka 2021 katika miamba ya eneo hilo hilo ulidai kwamba alama ya salfa ilirudi na kutoweka tena hadi karibu miaka bilioni 2.22 iliyopita. Wanaopinga usomaji wa namna hiyo hukumbusha kwamba mvua ikimomonyoa miamba mikongwe huchukua salfa yake na kuiweka katika mashapo mapya, na ukiukaji wa kale ukaonekana mahali ambapo hewa ilikwisha kubadilika.