Kuibiwa utambulisho ni nini hasa, na laptopu ya nyumbani inaingiaje hapo

Kuibiwa utambulisho ni pale mtu anapochukua vitu vinavyokutambulisha, yaani jina, namba ya NIDA, picha ya kitambulisho, imeili, paswedi, halafu anavitumia kujifanya ni wewe. Anakopa kwa jina lako, anaandikia wateja wako, anaomba hela kwa mashemeji. Laptopu yako iko pale pale mezani na hamna mlango uliovunjwa, ndo maana wengi wanashtuka deni likishafika.

Swali la kwanza huwa ni hili: mimi niko zangu Sakina, Arusha, benki sina hata hela ya maana, mdukuzi ananitaka wa nini? Hakutaki wewe. Programu za wizi zinamwagwa mtandaoni bila kuchagua mtu, zikinasa mashine zinakomba kila kitu, paswedi zote za kwenye brauza, picha, mafaili, mzigo unauzwa kwa jumla huko na anayenunua ndo anachambua nani ana kitu.

Na zinaingiaje? Kwa sehemu kubwa tunazifungulia wenyewe. Angalia kraki, yaani programu ya kulipia iliyochezewa itumike bure, iwe ya Office au ya gemu la mtoto: faili limezipiwa na lina paswedi yake, na maelekezo yanakwambia uzime antivairasi kwanza ndo ufungue. Hebu fikiria hapo. Ile paswedi ya faili imewekwa ili antivairasi isiweze kuchungulia ndani, na ukiizima kabisa umemaliza kazi kwa niaba ya mwizi. Fundi akikupigia window ya bure akakuachia Defender, ile antivairasi ya Windows yenyewe, imezimwa, muulize kwa nini, usione aibu. Nyingine ni faili la "CV.pdf" ambalo jina lake kamili ni CV.pdf.exe, Windows yenyewe inaficha ule mkia wa mwisho mpaka uende kwenye setingi uuonyeshe, na mtu anayetafuta kazi atafungua tu.

Sasa mfano wa kwetu huku. Jamaa ana kampuni ndogo ya utalii, ofisi ni sebule yake Njiro, laptopu moja, imeili moja. Mteja yuko Ujerumani anataka Serengeti na Ngorongoro, invoisi ni dola 4,000. Mwizi akishaingia kwenye ile imeili hatumi chochote, anakaa anasoma. Anaweka ruli, yaani amri ya kupanga barua zenyewe, kwenye setingi kwamba barua za huyo mteja ziende kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua, na nakala zimfikie yeye. Siku invoisi inatoka, anaituma tena ile ile, logo ile ile, salamu zile zile, ila kaongeza kamstari kamoja tu kwamba akaunti yetu ya zamani ina ukaguzi, lipia kwenye hii. Mteja analipa, anatua KIA na mabegi yake, jamaa anamwambia hela sijaiona, na wote wawili wanasema ukweli. Kwa hiyo kama unafanya biashara kwa imeili, ingia kwenye setingi leo uangalie ruli na sehemu ya kufowadi, ukikuta anwani usiyoijua ujue una mgeni, na wateja waambie mapema kwamba akaunti ya benki haibadilishwi kwa imeili peke yake, wapige simu kwa namba waliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Kinga yenyewe haina maajabu. Imeili ndo mama wa vyote, maana mwenye nayo anabonyeza "nimesahau paswedi" kwenye akaunti zako zote moja baada ya nyingine, basi ipe paswedi yake isiyotumika popote pengine, ndefu, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya paswedi unaombwa na kodi, wa programu ya simu ni bora kuliko wa meseji kwa sababu laini inaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Apdeti usizikimbie kisa bando: mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta dunia nzima mwezi wa Mei wakati kiraka chake, yaani apdeti ya kuziba lile tundu, Microsoft walikitoa Machi. Windows 10 nayo muda wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kama bado uko huko panga kuhama. Watoto wafungulie akaunti yao isiyo ya administreta. Rauta badilisha paswedi iliyokuja nayo kiwandani.

Halafu NIDA. Ile namba ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo aliyeiona ana vitu viwili tayari. Watu wanaskani kitambulisho steshenari wanaondoka, faili limebaki desktop na jina lao. Simama hapo hapo mwambie dada afute, afute na kwenye ndoo ya taka. Kuangalia kama kuna laini iliyosajiliwa kwa namba yako, piga *106#.

Na kama umeshaingiliwa, usianze kubadilisha paswedi kwenye laptopu ile ile, utakuwa unamsomea mpya. Tumia simu au kompyuta ya mtu unayemwamini, badilisha ya imeili kwanza, kisha toa vifaa vyote vilivyolog-in, hilo wengi wanaruka na mwizi anaendelea kuwepo kwa sababu alishaiba zile kuki za brauza, yaani alama za kukumbuka kwamba umeshaingia, ambazo haziulizi paswedi wala hatua ya pili. Laptopu ipigwe window upya, safi, isiyo ya kraki. Benki wapigie siku hiyo hiyo, na polisi nenda na skrinishoti, kujifanya mtu mwingine kwenye kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ukidaiwa mkopo usioujua ile RB, namba ya taarifa yako polisi, ndo utakayoonyesha.