Kwa mmisionari yeyote

Katika barua za Pasifiki ya karne ya 19 nilizozisoma, ninayoirudia zaidi ni ile ya Robert Towns ya Mei 1863. Haina jina la mpokeaji. Towns, tajiri wa meli wa Sydney, anamwandikia "mmisionari yeyote ambaye waraka huu utamfikia mkononi", kisha anamkabidhi nahodha wa merikebu yake, Don Juan, aupeleke New Hebrides, visiwa ambavyo leo ni Vanuatu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vimepandisha bei ya pamba. Towns ana shamba kusini mwa Brisbane, katika koloni la Queensland, Australia, na anataka vijana wa visiwani waje kufanya kazi. Ujira shilingi 10 kwa mwezi. Chakula, mavazi na malazi juu yake. Anaomba mmisionari amsaidie wakala wake, Ross Lewin, kuwaelewesha watu. Na hapo hapo anachomeka kijembe: mwaka mmoja shambani kwake utawastaarabisha wenyeji kuliko miaka kumi ya mahubiri. Sijui ni nani humwomba mtu msaada huku akimkebehi namna hiyo, ila Towns alikuwa na sababu ya kujiamini.

Yeye ni mtu wa sandali, ule mti wa manukato uliokatwa visiwani na kuuzwa China. Wamisionari waliwalaani wafanyabiashara hao katika barua zao, lakini merikebu ya misheni ilipita kwa nadra, hivyo malalamiko yenyewe mara nyingi yalifika Sydney ndani ya meli za sandali. Kisiwani Aneityum, huko huko New Hebrides, mfanyabiashara wa sandali James Paddon alikuwa na kituo chake tangu 1844. John Geddie, mmisionari kutoka Nova Scotia, alipofika 1848 alimkuta jirani huyo, wakagombana kwa miaka. Ndiyo maana barua yoyote ya huko, kabla sijaisoma, nauliza kwanza imesafiri na chombo cha nani.

Sasa turudi kwenye lile neno "yeyote". Zamani nililiona kama adabu ya karani tu. Siku moja nikakaa na ramani nikaanza kuhesabu. Erromanga: mmisionari George Gordon na mkewe Ellen waliuawa Mei 1861, baada ya surua iliyoletwa na meli ya biashara kuangamiza watu, na lawama zikamwangukia Gordon. Tanna: mmisionari John Paton alikimbia 1862. Geddie bado yupo Aneityum. Kwa hiyo katika visiwa viwili vikubwa vya kusini Don Juan ingeweza kutia nanga bila kumkuta mmisionari mzungu hata mmoja wa kuupokea waraka ule. Towns, aliyeishi kwa habari za manahodha wake, sidhani kama hakulijua hilo. Waraka ulimfaa hata usiposomwa kisiwani: baadaye aliuchapisha pamoja na utetezi wake kwa serikali ya Queensland kuhusu kuleta wafanyakazi hao.

Agosti 1863 Don Juan ilifika Brisbane na watu 67. Lewin, yule wakala aliyeombewa msaada, miaka minne baadaye alikuwa akijitangaza gazetini mwenyewe: wenye mashamba ya miwa na pamba waagize wafanyakazi kwake, pauni 7 kwa kichwa. Akahamia Tanna, na huko ndiko alikouawa 1874.